Mpiga Chapa wa Litein Aliyewazoesha Wanachuo Kukosoana

Kabla ya kuwasha chochote, Caren Chepyegon anakunja kitambaa. Ni kitambaa cheupe cha kufuma, cha aina ile ile inayofunika viti vya sebuleni katika nyumba nyingi za wilaya hii ya Bureti, magharibi mwa Kenya, na hapa kazi yake ni kuikinga kompyuta isiingiwe na vumbi. Anakikunja mara nne, anakitia kwenye droo, ndipo anabonyeza swichi. Mashine inanguruma. Ni saa mbili kasorobo asubuhi, soko la Litein ndiyo kwanza linafunguka, na benchi la mbao lililo ndani ya ofisi hii ya kupiga chapa tayari lina watu watatu.

Wa kwanza ni kijana aliyekuja likizo kutoka chuo kikuu. Ana disketi kwenye mfuko wa shati na karatasi ishirini zilizoandikwa kwa mkono. Anasema ni kazi ya kikundi, wao ni watano, na anataka ichapwe iwe tayari jioni.

Caren haigusi ile kazi. Anamwuliza ni nani mwingine kati ya hao watano ameisoma yote.

Kijana anacheka kama mtu aliyeulizwa jina la ng'ombe wa jirani. Kila mmoja aliandika sehemu yake, anaeleza, yeye amezikusanya tu.

"Basi rudi na mwenzako, hata mmoja," Caren anamwambia. "Mkae hapo, yeye asome yako, wewe usome yake. Mkimaliza nitachapa. Hiyo kusoma sitawalipisha."

Kijana anatoka akinung'unika. Wanawake wawili waliobaki kwenye benchi wanatazamana na kutabasamu, maana wenyeji wameshamzoea. Mwenye ofisi, Bwana Nyang'au, alipoulizwa na mwandishi huyu kama haoni kwamba mfanyakazi wake anamfukuzia wateja, alikuna kidevu na kusema kwamba wengi hurudi, tena wakirudi huwa wawili.

Caren ana umri wa miaka arobaini na minne. Ni mama wa watoto wanne na ana robo tatu ya ekari ya chai, mwendo wa nusu saa kutoka sokoni. Mshahara wake ni shilingi elfu tatu na mia tano kwa mwezi, na pesa za chai ndizo zinazoziba pengo. Hajawahi kukanyaga chuo kikuu hata kwa kutembea. Lakini wanachuo wa sehemu hizi, wale wanaojiona wameshaipita dunia, wakiingia kwake hukaa sawa.

Si kwamba alizaliwa na ujasiri huo. Mwenyewe ni wa kwanza kukiri.

Alijifunza kupiga taipureta mwaka wa 1974, akaajiriwa mwaka uliofuata na kampuni moja ya chai upande wa Kericho. Alikaa huko miaka ishirini, katika chumba kimoja na wanawake wengine kumi, wote wakigonga mashine tangu asubuhi hadi jioni. Alikuwa akipiga maneno sitini kwa dakika na barua zake hazikuwa na kosa. Mwaka wa 1995 kompyuta zikaja.

"Watu wanafikiri tulifukuzwa," anasema. "Hapana. Mkubwa alikuja akauliza nani anataka kufundishwa hiyo mashine wiki mbili. Mkono yangu ilikataa kupanda. Nilisema hiyo ni ya watoto wa shule, mimi ni mtu mzima, wataniona mjinga. Watatu waliinua mkono, wakabaki. Sisi nane tukaenda nyumbani."

Kwa karibu miaka miwili alichuma chai tu. Mwaka wa 1997 Nyang'au alipofungua ofisi yake ya kupiga chapa hapa Litein, Caren alikuja kwa sababu ya taipureta iliyokuwa dirishani. Hakujua kwamba nyuma ya pazia kulikuwa na kompyuta. Alipoiona nusura ageuze miguu.

Akabaki, na polepole akaizoea. Alijifunza kuandika, kuhifadhi, kutoa karatasi kwenye printa. Lakini Nyang'au alipofunga modemu kwenye laini ya simu mwezi wa Septemba mwaka jana, ofisi ikaanza kutuma na kupokea barua pepe, Caren alirudi nyuma tena. Kazi hiyo alimwachia tajiri wake. Akiulizwa alisema ana shughuli nyingine, na kwa kweli kila mara alikuwa na shughuli nyingine.

Hapo ndipo walipomkuta wanafunzi watatu, Novemba mwaka jana.

Chuo chao kilikuwa kimefungwa baada ya ghasia. Wanafunzi wote waliamriwa kwenda makwao na kupiga ripoti kwa chifu kila Jumatatu, kama watu walioiba. Lakini mwalimu wao wa uchumi wa kilimo, Dakta Owino, hakuwa mtu wa kusimamishwa na geti lililofungwa. Alikuwa ameondoka kwenda Uholanzi kwa miezi michache, akawaachia wanafunzi wake kazi na anwani ya barua pepe. Aliwapanga kwa vikundi kulingana na wanakotoka. Kila kikundi kichunguze kilimo cha kwao, kiandike taarifa moja, kiitume kwa barua pepe, na kipate alama moja. Kikianguka, wote wanarudia mwaka.

Kikundi cha nchi ya chai kilikuwa na watu watatu. Zack Nyaberi, miaka ishirini na mitatu, alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba kubwa ambako baba yake ni mchumaji. Yeye ndiye pekee katika kikundi aliyekuwa amezoea kompyuta, na hakuona sababu ya kuwaficha wenzake jambo hilo. Sally Chelang'at, miaka ishirini na miwili, ni msichana wa hapa hapa Litein, mpole, mwenye mwandiko unaosomeka hata ukiushika juu chini.

Wa tatu ni Mathew Kimeto wa kijiji cha Silibwet, na taabu yote ilikuwa juu yake. Mathew ana miaka thelathini na mmoja, mke na watoto wawili. Alifundisha shule ya msingi miaka sita bila cheti, akirudia mtihani wa kidato cha nne mpaka akafaulu. Mwaka wa 1996 watu wa kwao walifanya harambee kumpeleka chuo. Wapo waliotoa shilingi ishirini, na yupo aliyeuza ndama. Mtu aliyebebwa hivyo hawezi kurudi nyumbani kusema anarudia mwaka, wala hakuwa na mahali pa kutoa karo ya mwaka mwingine. Kwake, kuanguka kulimaanisha kurudi darasa la saba na chaki.

Tena kulikuwa na jambo jingine. Sally alipokuwa mdogo aliwahi kukaa kwa shangazi yake Silibwet na kusoma huko, na mwalimu wake wa hesabu darasa la saba alikuwa Mathew. Chuoni walikuwa wanafunzi wa darasa moja, wakipanga foleni moja ya chakula, lakini Sally hakuwahi kumwita Mathew kwa jina. Alimwita Mwalimu, na akipishana naye kwenye ngazi alisimama kando.

Waligawana kazi. Sally achukue kilo za majani kutoka kwa wakulima kumi wa Litein, Mathew achukue za wakulima kumi wa Silibwet, Zack achape na kuandika mapendekezo. Wakaachana, kila mtu na njia yake. Walipokutana tena kwa Nyang'au, kila mmoja alikuwa na bahasha yake, na kazi ya pamoja ikawa ni Zack kuunganisha bahasha. Uchapaji ukachukua karibu wiki mbili, kisha Jumatatu Nyang'au akawatumia taarifa kwa Dakta Owino.

Jumanne jioni jibu likaja. Caren bado ana nakala yake. Dakta Owino aliandika kwamba kwa mujibu wa taarifa yao, ekari moja ya chai ya Litein inatoa kilo elfu mbili mia tisa na kumi kwa mwaka, na ekari ya Silibwet kilo mia sita na kumi. Alisema ameona pia kwamba kikundi kinapendekeza wakulima wa Silibwet wafundishwe kuchuma. Kisha akauliza swali moja: kati yenu, kuna aliyeisoma taarifa hii yote? Akawapa hadi Ijumaa saa sita mchana kwa saa za Kenya. Baada ya hapo, angepeleka alama kama zilivyo.

Jumatano asubuhi wote watatu walikuwa ofisini. Nyang'au alikuwa ameondoka alfajiri kwenda kwao kwenye mazishi, na hakutarajiwa kabla ya Jumamosi. Caren alibaki peke yake na wanachuo watatu waliokuwa hawatazamani machoni.

Zack alisema yeye alichapa alichopewa, tarakimu si kazi yake. Mathew alisema bila shaka mashine ndiyo iliyochanganya, aliwahi kusikia kwamba kompyuta hula namba. Sally aliangalia sakafu.

Caren alikuwa akichapa barua ya mteja huku akisikiliza. Anasema alipomsikia Mathew akiilaumu mashine alihisi aibu, kwa sababu mwaka wa 1995 naye alijificha nyuma ya mashine. Na huyo msichana aliyetazama sakafu, Caren alimwona vizuri. Mtu asiyejua huangalia dari. Anayeangalia sakafu anajua.

Aliacha barua ya watu katikati. Akaondoa kila kitu kwenye meza kubwa, akawaambia wamwage bahasha zao zote hapo, karatasi za kwanza kabisa, zile zenye tope na madoa ya chai.

"Kama kituoni," aliwaambia.

Kwa wasiotoka huku: mkulima mdogo akishachuma, hupeleka kikapu chake kwenye kituo cha kununulia majani. Kabla karani hajapima, kila mtu humwaga majani yake hadharani na kuyachambua. Jani gumu linatolewa, na bua refu pia. Jirani akipita na kuona jani bovu kwenye majani yako, hunyoosha mkono akalitupa, wala hakuombi ruhusa. Hakuna anayekasirika, kwa sababu lori likirudisha mzigo wa kituo, hasara ni ya wote. Caren anasema kituoni hata jani la mama mkwe hutolewa, na mama mkwe hushukuru.

Wanachuo hao watatu wamekua wakifanya hivyo tangu walipoweza kubeba kikapu. Ila hakuna aliyewahi kufikiri kwamba karatasi nazo zinaweza kumwagwa.

Wakaanza kuchambua, kila mmoja akisoma za mwenzake. Zack alikuwa ameshika karatasi ya Mathew, akaigeuza mbele na nyuma, akaiweka chini. Caren akaichukua na kumpa Sally mkononi.

Sally hakuisoma. Alikuwa ameshaisoma wiki mbili kabla, siku walipokutanisha bahasha. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, hii kilo si ya majani mabichi. Hii ni ya chai imeshakauka."

Basi hapo ndipo kosa lilipokuwa. Kilo nne na zaidi za majani mabichi ndizo zinazotoa kilo moja ya chai kavu kiwandani. Mathew hakwenda kwa wakulima kumi. Alikwenda kiwandani, karani akampa karatasi ya jumla ya chai kavu iliyotokana na kituo cha Silibwet pamoja na hesabu ya ekari, naye akagawanya. Sally alileta majani, Mathew akaleta chai, na Zack akaviweka kwenye jedwali moja akaandika kwamba watu wa Silibwet hawajui kuchuma. Wote watatu ni watoto wa chai. Kosa hilo hata mtoto wa darasa la nne wa hapa angeliona, na kweli wawili kati yao walikuwa wameliona. Sally alinyamaza kwa heshima, Zack alinyamaza kwa sababu tarakimu hazikuwa sehemu yake.

Mathew alisimama, akatoka nje bila kuaga.

Sally akaanza kulia. Alisema amemvunjia Mwalimu heshima mbele ya watu, na sasa kikundi kimekwisha. Caren alimwachia Zack ofisi, kitu ambacho hajawahi kumfanyia mteja yeyote, akamfuata Mathew.

Alimkuta nyuma ya duka la dawa za mifugo, amekaa juu ya gunia la mbolea. Hakumkaripia. Alimwuliza tu kwa nini hakwenda kwa wakulima, na wakulima ni majirani zake.

"Mama, wale watu walinichangia," Mathew alimjibu. "Ningeenda kuuliza kilo zao, wangeniuliza kwa nini niko nyumbani saa hii. Ningesema nini? Nimefukuzwa? Nilipita njia ya juu kila siku ndiyo wasinione."

Akaongeza kwamba alipopewa ile karatasi kiwandani hakuwa na hakika ni kilo gani, lakini aliona aibu kumwuliza karani, mtoto aliyekuwa mdogo wake shuleni. Na kompyuta hajawahi hata kuigusa. Wenzake wakikaa mbele yake, yeye husimama nyuma na kutikisa kichwa kama anayeelewa.

Caren akamweleza habari ya ule mkono uliokataa kupanda. Alimweleza yote, hata mambo ambayo hajamwambia mumewe. Kwamba kazi aliyoipenda miaka ishirini aliipoteza kwa kuogopa wiki mbili za kuonekana mjinga. Kwamba wale watatu waliobaki hawakuwa na akili kumshinda, isipokuwa hawakujali kuchekwa.

Mathew akasimama, akajipangusa suruali. Waliporudi ndani alimwuliza Sally kwa nini hakumwambia mapema. Sally alimwuliza, kwa adabu zote, kama angesikiza. Mathew akafikiri, akasema pengine asingesikiza. Zack akacheka, halafu wote wakacheka, na Caren anasema kicheko hicho ndicho kilichofanya aamini kwamba kazi itaisha.

Hata hivyo walikuwa na siku mbili tu, na wakulima kumi wa Silibwet.

Alhamisi asubuhi Mathew alipita njia ya chini, ile ya watu. Mlango wa kwanza aliobisha ulikuwa wa Jerusa, mama mzee aliyeuza ndama mwaka wa 1996. Mathew anasimulia kwamba alikuwa amepanga maneno ya kuomba radhi tangu usiku. Jerusa hakumpa nafasi ya kuyatumia. Alimwuliza kama amekula, akamtilia mursik, maziwa ya mgando, akamletea kadi za kituo zenye kilo zake, zilizofungwa na uzi wa sweta. Alikuwa amesikia kwenye redio tangu Oktoba kwamba chuo kimefungwa. Kijiji kizima kilikuwa kimesikia. Walikuwa wakishangaa tu kwa nini kijana wao hapiti kuwasalimu.

Kufikia saa nane mchana, mvua ikianza kunukia, Mathew alikuwa amepitia nyumba zote kumi. Alipiga simu Litein kutoka kibanda cha posta akasoma tarakimu moja baada ya nyingine. Sally aliandika, Zack akarudia kwa sauti. Aliposoma kilo elfu tisa mia mbili kwa mkulima mmoja wa ekari moja, Sally alimkatiza papo hapo.

"Hapana, Mwalimu. Hiyo haiwezi."

Mathew akaitazama kadi tena. Ilikuwa elfu mbili mia tisa.

Wastani wa Silibwet ukatoka kilo elfu mbili mia saba na sitini kwa ekari, hatua moja tu nyuma ya Litein. Zack akafuta mapendekezo yake ya kuwafundisha watu kuchuma, akaandika upya akiwa na wenzake kila upande. Caren alikuwa ametoa amri: kila aya ipite mikono mitatu, na kibodi ibadilishe mtu kila baada ya dakika kumi. Zack aliteseka sana. Kumwangalia Mathew akiitafuta herufi kulimfanya akunje na kukunjua vidole, lakini hakumnyang'anya.

Ijumaa saa nne asubuhi taarifa ilikuwa tayari. Kilichobaki ni kutuma, na hapo ikawa zamu ya Caren kuangalia sakafu.

"Niliwaambia ukweli," anasema. "Nikasema watoto wangu, mimi sijawahi kutuma email peke yangu. Ni Nyang'au anatumanga. Walidhani najua."

Alitarajia wakasirike. Badala yake Mathew alivuta kiti, akasema basi ni wanne wasiojua. Zack naye, aliyejua kompyuta za chuoni, alikiri kwamba modemu kama hii hajaiona. Kwenye droo kulikuwa na daftari la Nyang'au lenye hatua sita, zimeandikwa kwa kalamu ya risasi. Wakaisoma kila hatua kwa sauti kabla ya kubonyeza.

Modemu ililia, ikanyamaza. Wakajaribu tena, ikakatika. Mara ya tano ikafika katikati, ikakatika. Ilikuwa saa tano na dakika kumi. Mwaka mzima wa watoto wa watu ulikuwa mikononi mwa Caren, na mwenye kujua yuko matangani.

Sally ndiye aliyegundua. Kila laini ilipokatika, alikuwa akisikia kupitia ukuta wa mbao mtu akisema "haloo, haloo". Ofisi ya Nyang'au na duka la dawa za mifugo hutumia laini moja ya simu, na Mzee Bethwel mwenye duka alikuwa akijaribu kupiga Kericho kuulizia chanjo. Kila alipoinua mkono wa simu alikuwa akiwakata bila kujua.

Sally alikwenda mbio. Mzee Bethwel hakuelewa barua inawezaje kupita ndani ya simu bila mtu kuongea, lakini alielewa saa sita. Aliweka kiganja juu ya simu, na mteja aliyetaka kuitumia akaambiwa ng'ombe wake asubiri. Sally akasimama hapo kama askari.

Upande wa pili, Mathew alikuwa akiandika barua fupi ya kutangulia taarifa. Caren alimkataza Zack asiiandike. Mistari mitano ilimchukua Mathew dakika ishirini kwa vidole viwili. Aliandika kwamba tarakimu za kwanza za Silibwet zilikuwa kosa lake, kwamba Sally Chelang'at ndiye aliyelitambua, na kwamba taarifa hii imesomwa yote na watu watatu. Halafu akauliza ni kitufe gani, Caren akamwonyesha, akakibonyeza mwenyewe.

Modemu ikalia. Ikaendelea kulia. Saa sita kasoro dakika tisa, maneno kwenye skrini yakasema imekwenda.

Hakuna aliyeruka. Zack alijikalisha sakafuni. Mathew alibaki ameshika ukingo wa meza, machozi yakimtiririka, na hakuona haja ya kuyaficha. Caren alitoka nje akavuta pumzi mbele ya soko lote. Anasema hajui watu waliompita walimfikiria nini, wala hakujali. Alikuwa amefarijika kama mama aliyeambiwa homa ya mtoto imeshuka.

Jumatatu, Dakta Owino alijibu kwa mistari miwili. Alisema taarifa ameipokea kwa wakati na kikundi kimepita vizuri. Aliyeandika ile barua ya juu, aliongeza, asiache kuandika.

Chuo kilifunguliwa Januari. Wote watatu walirudi na kuendelea na mwaka wao, na kila mwisho wa mwezi Caren hupokea barua pepe kutoka kwa Mathew. Zinazidi kuwa ndefu. Sally siku hizi humwita Mathew kwa jina, ingawa inasemekana bado hujikwaa kidogo kabla ya kulitamka.

Na Caren? Februari hii alijiandikisha kusomea cheti cha kompyuta mjini Kericho. Huenda kila Jumamosi, na mtihani ni Julai. Akipita, Nyang'au amekubali aanzishe darasa la jioni la wapiga chapa wa zamani, wanawake kama wale wanane wa mwaka wa 1995. Wawili ameshawapata. Mmoja alikataa, naye Caren amepanga kumrudia.

Darasani Kericho wanafunzi hugawanywa wanne wanne, na wenzake watatu ni wasichana wa rika la binti yake. Siku ya kwanza walimpisha kiti cha mbele na kumwita mama. Caren anasema alijua hapo hapo kwamba yuko hatarini. Akawaambia kwamba yeye ni mkubwa kwao, lakini akikosea wamwambie. Wakaitikia kwa heshima, kama watoto wanavyoitikia mambo wasiyokusudia kuyafanya.

Jumamosi ya tatu aliandika jedwali lake mbele yao, akajumlisha, akaridhika. Alipoinua macho, wote watatu walikuwa wakiangalia sakafu.

"Nikangoja," anasimulia. "Sikuona kosa, lakini niliona wao. Halafu huyo mdogo, Metrine, ana miaka kumi na tisa, akasema pole pole, 'Mama, hiyo jumla si sawa.'"

Anacheka, anajifuta jicho kwa mgongo wa mkono.

"Nilimshika mkono, nikamshukuru. Sasa najua Julai nitapita."